Pikipiki yenye kompresheni kubwa inapogoma kuwaka: tafuta ubovu kabla ya kununua stata

Msafirishaji anayebeba nyanya, maziwa au samaki wabichi kuelekea mpakani anajua saa ya forodha kufunga, na anajua pia mzigo wake unaweza kukaa juani kwa muda gani kabla haujapoteza bei. Pikipiki ikigoma kuwaka saa hiyo, fundi wa kwanza atakayepatikana kandokando ya barabara mara nyingi hutoa jibu moja tu: "Stata imekufa, nunua nyingine." Mfanyabiashara analipa, stata mpya inafungwa, na baada ya siku tatu ugonjwa ni ule ule. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupima mwenyewe, au kumsimamia fundi akipima, hatua kwa hatua, hasa kwa injini zenye kompresheni kubwa ambazo husumbua stata kuliko nyingine.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Stata, ambayo mafundi wengi huiita selfu, ndiyo mota ndogo ya umeme inayozungusha injini unapobonyeza kitufe. Plagi, upande wa Kongo, Rwanda na Burundi wengi huiita buji. Kompresheni ni mgandamizo wa hewa na petroli ndani ya silinda kabla ya kulipuka. Injini ikisemwa ina kompresheni ya 10 kwa 1, maana yake ni kwamba mchanganyiko uliojaza nafasi ya sehemu 10 pistoni ikiwa chini kabisa unabanwa mpaka sehemu 1 pistoni inapofika juu. Yamaha YBR125, kwa mfano, ina uwiano huo wa 10 kwa 1. Honda CG125 ya asili, iliyoingia sokoni mwaka 1976 na ambayo injini yake ndiyo iliyoigwa na viwanda vingi vya China kwa pikipiki na toyo za mizigo tunazoziona leo, ilikuwa karibu 9 kwa 1.

Kompresheni kubwa inatoa nguvu na inabana matumizi ya petroli, lakini ina gharama yake. Stata hailemewi sawasawa mzunguko mzima. Inazunguka kwa urahisi, halafu inafika mahali pistoni inapanda kubana hewa, na hapo ndipo inapohitaji nguvu zake zote. Betri iliyochoka kidogo, waya ulioota kutu kidogo na brashi zilizoisha kidogo, kila kimoja peke yake kisingeonekana kwenye injini laini. Kwenye injini ya kompresheni kubwa vinaonekana vyote kwa pamoja, tena asubuhi.

INJINI INAYOZIDI KUWA NGUMU

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba injini iliyotoka kiwandani na kompresheni ya wastani inaweza kugeuka kuwa ya kompresheni kubwa ikiwa mikononi mwako. Chukua injini ya sentimita za ujazo 125 yenye uwiano wa 9 kwa 1. Nafasi inayobaki juu ya pistoni ni 125 gawanya kwa 8, yaani takriban sentimita 15.6 za ujazo. Sasa mwenye chombo anataka nguvu zaidi ya kubebea mizigo, fundi anatanua silinda na kuweka pistoni kubwa mpaka injini inafika 150, lakini silinda hedi anaiacha ile ile. Nafasi ya juu bado ni 15.6. Uwiano mpya ni 150 na 15.6 kwa pamoja, gawanya kwa 15.6, ambayo ni karibu 10.6 kwa 1. Stata na betri ni zile zile za kompresheni ya 9. Hapo lawama si ya stata.

Masizi nayo hufanya hivyo hivyo polepole. Ikiwa masizi yaliyoganda juu ya pistoni na ndani ya hedi yanajaza sentimita 1 tu ya ujazo, ile 15.6 inakuwa 14.6 na uwiano unapanda kutoka 9 hadi karibu 9.6. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo kwa bahati mbaya si jambo geni katika vichupa vya barabarani, huongeza masizi haraka. Kusaga uso wa hedi kupita kiasi na kuweka gasketi nyembamba kuliko ya asili pia hupandisha kompresheni. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwenye pikipiki inayosumbua ni hili: injini hii imefunguliwa lini, na ilifanyiwa nini?

SIKILIZA KABLA YA KUSHIKA SPANA

Sauti unayoisikia unapobonyeza kitufe inapunguza nusu ya kazi. Hakikisha gia iko nyutro, bonyeza, usikilize.

Kimya kabisa, na hata taa za dashibodi haziwaki: angalia fyuzi kuu, vichwa vya betri na swichi ya ufunguo. Usiguse stata bado.

Taa zinawaka vizuri lakini kitufe hakitoi sauti yoyote: umeme mdogo unaoamrisha rilei haufiki. Pikipiki nyingi zina swichi ya klachi, swichi ya nyutro na nyingine zina swichi ya stendi ya pembeni. Mojawapo ikishindwa, stata haitapewa umeme. Bana klachi, nyanyua stendi, chezesha gia, jaribu tena. Kitufe chenyewe hujaa vumbi na tope, na kwa pikipiki za barabara za vumbi hili ni la kawaida sana.

Tak-tak-tak-tak ya haraka kama cherehani: rilei inashika na kuachia kwa sababu volti zinaanguka kila inaposhika. Karibu mara zote ni betri dhaifu au kichwa cha betri kilicholegea.

Tak moja nzito, kisha kimya: rilei imeshika, lakini mota haizunguki. Hapa panaweza kuwa na vinasio vya rilei vilivyoungua, brashi zilizoisha, ethi mbaya, au injini yenyewe imekwama. Hii ndiyo inayohitaji vipimo vya hapo chini.

Mota inalia kwa kasi lakini injini haizunguki: umeme hauna tatizo. Ile klachi ya njia moja inayounganisha stata na injini, ambayo mafundi huiita bendeksi, imekwisha au spring zake zimelegea. Kununua stata mpya kwa dalili hii ni kutupa fedha.

Na dalili yenyewe ya makala haya: injini inazunguka nusu mzunguko, inasema "nguuu", inasimama kwenye kompresheni. Labda ukibonyeza mara ya tatu inapita. Labda ikiwa ya moto inapita na ikiwa baridi haipiti, au kinyume chake.

TOA PLAGI KWANZA

Kipimo hiki hakihitaji mita wala fedha, na kinatenganisha umeme na injini kwa dakika tano. Funga koki ya petroli. Toa plagi, irudishe kwenye kofia yake na uigusishe vizuri kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la plagi, kwa sababu mvuke wa petroli utatoka hapo na cheche inaweza kuuwasha. Usiache kofia ya plagi ikining'inia hewani huku unazungusha. Umeme mkubwa usio na pa kwenda unaweza kuharibu koili au CDI. Kisha bonyeza stata kwa sekunde tatu hadi tano.

Injini ikizunguka kwa kasi na kwa sauti ile ile bila kusita, rudisha plagi ujaribu tena. Ikikwama sasa, unajua kwamba kinachoishinda stata ni kompresheni. Ama nguvu ya umeme imepungua, ama kompresheni imezidi. Yote mawili tutayapima.

Injini ikizunguka kwa uzito hata bila plagi, kompresheni si mkosaji. Umeme ni mbovu sana, au kuna kitu kinachokwaruza ndani: stata yenyewe, beringi, oili nzito isiyofaa au pistoni iliyoanza kushika. Jaribu kuzungusha kwa kiki. Kiki ikiwa laini, rudi kwenye umeme.

Petroli ikiruka kutoka kwenye tundu la plagi kama maji, acha mara moja na ushukuru kwamba hukuendelea kulazimisha. Boya la kabureta lilikwama usiku, petroli ikashuka na kujaza silinda. Petroli haibanwi kama hewa, na kulazimisha stata hapo huweza kukunja konrodi au kuvunja bendeksi. Futa petroli yote kwa kuzungusha polepole kwa kiki bila plagi, tengeneza sindano ya boya, na unuse oili. Ikinuka petroli, imwage na uweke mpya kabla ya kuwasha. Tabia ya kufunga koki kila unapolaza pikipiki inazuia hasara hii kabisa.

BETRI NA MITA

Mita ya volti ya bei nafuu inatosha, na kwa mwenye pikipiki tatu au nne za biashara ni kifaa cha kumiliki, si cha kuazima.

Pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imebaki takriban robo tatu. Ikisoma 12.0 imekaribia kuisha, ijazwe kwanza kabla ya kipimo kingine chochote. Wengi hukosea hapa: wanaona 12 kwenye mita wanasema betri ni nzima kwa sababu imeandikwa volti 12.

Sasa acha waya za mita kwenye vichwa vya betri, mwambie mwenzako abonyeze stata, plagi ikiwa mahali pake. Betri nzima inapaswa kubaki karibu volti 10 au zaidi injini inapozungushwa. Hapa ndipo penye siri ya kazi nzima, soma kwa makini.

Volti zikianguka sana, tuseme mpaka 8 au chini yake, kuna mambo mawili: betri imechoka ndani, au kuna kitu kinachokunywa umeme kupita kiasi, yaani stata yenye shoti au injini ngumu mno. Weka betri nyingine unayoiamini. Ikizunguka vizuri, kosa ni betri. Ikianguka vilevile, kosa liko mbele.

Volti zikibaki juu, tuseme 11.8 au 12, na bado stata inajikokota au haizunguki, basi umeme haufiki. Betri haijisikii kufanya kazi kwa sababu haifanyi kazi. Betri mpya haitasaidia. Kosa ni njia: vichwa vya betri, rilei, waya mnene, ethi au brashi.

Asiye na mita atumie taa ya breki, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa ya mbele hutegemea magneti na haiwaki mpaka injini iwake. Kanyaga breki, bonyeza stata, mwenzako aangalie nyuma. Taa ikififia kabisa, ni betri au mzigo mzito. Taa ikibaki inang'aa huku stata imekwama, umeme haupiti.

KUTU NDOGO, HASARA KUBWA

Stata ya pikipiki ndogo hunywa ampea makumi kadhaa. Tuseme 60. Bolti ya ethi yenye kutu inayoleta ukinzani wa omu 0.05 tu, ambayo mita ya kawaida haitaiona ukiipima kwa kipimo cha omu, itakula volti 3 (60 mara 0.05). Betri iliyokuwa na volti 10.5 wakati wa kuzungusha inaipa stata 7.5. Kwa injini laini inaweza kupita. Kwa kompresheni ya 10 kwa 1 haipiti.

Ndiyo maana njia hupimwa umeme ukiwa unapita. Gusa waya mmoja wa mita kwenye kichwa chanya cha betri na mwingine kwenye skrubu ya stata, kisha bonyeza. Mita inaonyesha volti zinazopotea njiani. Zikizidi nusu volti kuna kasoro. Kuitafuta, sogeza kipimo: betri hadi bolti ya kwanza ya rilei, kisha kati ya bolti mbili za rilei, kisha rilei hadi stata. Sehemu yenye namba kubwa ndiyo mgonjwa. Halafu upande wa ethi: kichwa hasi cha betri hadi kwenye mwili wa stata. Hapo isizidi takriban volti 0.3.

Niseme jambo lililonipata. Miaka michache iliyopita nilikuwa na toyo ya magurudumu matatu iliyokuwa ikipakia nyanya kwenda Mpondwe siku za soko, ambako wanunuzi wa kutoka Kasindi na Beni hufika mapema. Ilianza kukwama kwenye kompresheni. Gereji moja ya njiani ikaniuzia stata. Wiki mbili baadaye nikauziwa ya pili, na bendeksi juu yake. Siku ya tatu tumekwama na kreti 20 na kitu, jua limepanda, nyanya zimeanza kutoa maji, na bei tuliyopata jioni sipendi kuikumbuka. Kijana mmoja aliyekuwa akipita akauliza kama fremu ilipakwa rangi karibuni. Kweli tulikuwa tumeipaka rangi, na waya wa ethi ulikuwa umefungwa juu ya rangi mbichi. Alifungua bolti, akakwangua chuma kwa kisu mpaka kikang'aa, akafunga. Ikawaka. Hakutaka malipo makubwa. Zile stata mbili za zamani zilikuja kupimwa, zote zilikuwa nzima.

Kwa hiyo, kabla ya fedha kutoka mfukoni: fungua vichwa vyote viwili vya betri, bolti mbili za rilei, skrubu ya stata na bolti ya ethi. Vikwangue mpaka ving'ae, vikaze, vipake grisi kidogo juu. Ni kazi ya nusu saa.

USIOMBE UMEME WA LORI

Mpakani malori hayakosekani, na dereva wa lori ni mtu wa huruma. Lakini malori mengi makubwa yana mfumo wa volti 24, betri mbili za 12 zilizounganishwa mfululizo. Ukichukua umeme kutoka ncha mbili za mwisho utaunguza CDI, balbu na rektifaya kwa mara moja. Kama hakuna njia nyingine, chukua kutoka kwenye betri moja tu kati ya zile mbili, chanya yake na hasi yake yenyewe, injini ya lori ikiwa imezimwa. Gari dogo la volti 12 linafaa, nalo likiwa limezimwa. Waya wa hasi ufunge mwisho, kwenye chuma cha injini ya pikipiki na si kwenye betri, ili cheche isitokee penye gesi ya asidi.

Kuna mbinu nyingine ya dharura isiyohitaji betri ya mtu. Zima ufunguo, weka gia ya juu kabisa, sukuma pikipiki kinyumenyume mpaka uhisi imegota. Rudisha nyutro, washa ufunguo, bonyeza stata. Pistoni imerudi nyuma, kwa hiyo stata inapata nafasi ya kuchukua kasi kabla ya kukutana na kompresheni. Ikiwaka kwa njia hiyo, umefika nyumbani, na pia umepata ushahidi kwamba stata inazunguka ila nguvu zake ni pungufu.

STATA YENYEWE

Njia ikiwa safi na betri ikiwa nzima, sasa ndiyo zamu ya stata. Igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi huku mwenzako anabonyeza. Ikishtuka na kuzunguka, brashi zimekwisha. Igonge kidogo, nasema, si kwa nyundo: ndani mna sumaku zilizobandikwa kwa gundi, zikipasuka hakuna tena matengenezo.

Ukiifungua, panga washa zake kwa mstari kama zilivyotoka, kwa sababu zile za plastiki ndizo zinazozuia skrubu ya umeme isiguse mwili. Brashi zikiwa fupi kiasi kwamba spring haizisukumi tena, badilisha. Zinauzwa peke yake kwa bei ndogo kuliko stata nzima, ingawa wauza spea wengi hawapendi kukuambia. Sehemu ya shaba inayosuguliwa na brashi isafishwe kwa msasa laini, na vumbi jeusi kwenye mifereji litolewe kwa kitu chenye ncha. Ukikuta oili ndani, mpira wa duara wa mbele umekwisha. Usipoubadilisha brashi mpya zitaloa tena.

INJINI INAPOKUWA NDIYO MKOSAJI

Umeme wote ukiwa safi na bado inakwama, rudi kwenye injini. Baadhi ya injini za kompresheni kubwa zina kifaa kidogo kwenye kemshafti, chenye spring na kizito, ambacho hufungua valvu ya moshi kidogo sana injini ikiwa kwenye mwendo wa kuwashwa, ili kompresheni ivuje kidogo, kisha hujitoa injini ikishika kasi. Kikivunjika au spring ikikatika, siku moja stata iliyokuwa ikipita inaanza kukwama ghafla na kiki inakuwa nzito kama imefungwa jiwe. Lakini kabla ya kufungua hedi, pima tapeti. Nafasi ya valvu ya moshi ikiwa kubwa mno, kile kifaa kinasukuma hewa tupu, hakiifikii valvu. Kurekebisha tapeti kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, ambacho kwa injini nyingi ndogo ni sehemu ndogo ya kumi ya milimita, kumeokoa stata nyingi. Injini za aina ya CG zenye fimbo za kusukuma valvu kwa kawaida hazina kifaa hiki, kwa hiyo fundi asikuuzie.

Ikiwa injini inapiga kinyume, yaani inarusha kiki nyuma au stata inatoa mlio wa "krak" na kurudi, angalia taimingi. Kile kichuma cha nusu mwezi kinachoshika magneti kwenye shafti kikikatika, magneti inahama kidogo na cheche inakuja mapema mno, pistoni ikiwa bado inapanda. Mlipuko unaisukuma chini kinyume cha stata. Ukiendelea kubonyeza, bendeksi itavunjika, na ubovu wa kipande kidogo cha chuma utageuka kuwa kazi ya kufungua upande mzima wa injini.

Mwinuko nao una neno. Goma iko kwenye takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ina uzito wa karibu tano ya sita ya ile ya pwani. Kwa hiyo mashine ya kupimia kompresheni itasoma chini Goma au Kabale kuliko Mombasa, injini ikiwa ile ile, na fundi asiyejua anaweza kukwambia ringi zimekwisha. Kwa upande wa stata, huko juu kompresheni inapungua lakini baridi ya asubuhi inaifanya oili kuwa nzito na betri kuwa dhaifu, na baridi ndiyo inayoshinda.

KABLA YA KUVUKA NA SPEA

Ukithibitisha kwamba stata ndiyo mbovu, nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Stata mbili zinaweza kufanana kwa sura na kutofautiana idadi ya meno, urefu wa shafti au nafasi ya matundu ya bolti. Hesabu meno. Muuzaji akiijaribu kwa betri mezani na ikazunguka kwa kasi, hiyo inaonyesha tu kwamba haijakatika ndani. Haionyeshi kama itavuta mzigo wa kompresheni. Omba makubaliano ya kurudisha, na risiti yenye jina la spea na tarehe.

Risiti hiyo utaihitaji pia kwenye forodha. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo, wenye cheti cha uasili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Stata iliyotengenezwa India au China haiwi ya Afrika Mashariki kwa kuwa imenunuliwa Kampala, na Kongo kuingia katika Jumuiya mwaka 2022 hakubadilishi hilo.

Betri mpya ya kumiminwa asidi dukani isifungwe papo hapo. Iache itulie nusu saa hadi saa nzima, kisha ichajiwe taratibu kwa umeme wa karibu sehemu moja ya kumi ya uwezo wake: betri ya ampea-saa 9 ichajiwe kwa ampea 0.9 kwa saa kadhaa. Ikifungwa bila kuchajiwa, huenda isifikie uwezo wake kamili tena, na kwa injini ngumu utaliona hilo mapema.

Baada ya injini kuwaka, acha mita kwenye betri na uongeze moto mpaka mwendo wa kati. Isome kati ya volti 13.8 na 14.8. Ikibaki chini ya 13, koili ya chaji au rektifaya haifanyi kazi, au umefunga taa za ziada, redio na chaja za simu kuliko magneti inavyoweza kulisha, na betri yako inaishi kwa deni. Ikipita 15, rektifaya inachemsha asidi. Gusa ubavu wa betri, utaikuta ya moto, na itakufa kabla ya msimu kwisha hata kama ulinunua ya bei ghali.